Wazimu wa Kujipa, Wazimu wa Kupewa

Septemba 2001 Japani ilithibitisha kupata ng'ombe wake wa kwanza mwenye ule ugonjwa wa ubongo uliokuwa umeshawatia hasara kubwa wafugaji wa Uingereza. Magazeti ya Tokyo yaliuita kyōgyūbyō. Korea Kusini wanauita gwangubyeong, ambalo ni jina hilohilo kwa matamshi ya Kikorea. Wachina wanasema fengniubing, na Wavietnamu wanasema bệnh bò điên. Maana ni moja kote: kichaa cha ng'ombe.

Nchi zote nne zilitumia herufi za Kichina kwa karne nyingi katika dini, sheria na elimu. Ukiyarudisha majina hayo manne kwenye herufi hizo, unakuta hazikubaliani. Mjapani na Mkorea wamemwita ng'ombe wao kwa herufi 狂. Mchina, mwenye herufi hiyo, ameiruka akachukua nyingine, 瘋. Mvietnamu kachukua ya tatu, 癲. Kamusi itakwambia zote tatu ni wazimu. Basi kwa nini mwenye mali aliiacha mali yake, na majirani wakaishika?

Jibu liko mbali, na njiani kuna waganga, walevi wenye brashi, waziri mkuu mmoja, na watu waliofungiwa vyumbani na ndugu zao wenyewe. Nitaifuata hasa ile ya kwanza, 狂, kwa sababu ndiyo yenye maisha marefu na yenye vituko. Nyingine mbili zitaingia pale zinapoimulika.

Husomwa kuang kwa Kimandarini, kwong kwa Kikantoni, kyō kwa Kijapani, gwang kwa Kikorea na cuồng kwa Kivietnamu. Huandikwa kwa mistari saba tu. Mageuzi ya maandishi yaliyofanywa China mwaka 1956 hayakuigusa, kwa hiyo Beijing, Taipei na Tokyo wanaiandika sawasawa. Kushoto kuna mbwa. Kulia kuna 王, ambayo ikisimama peke yake ni "mfalme".

Hapo wapenda hadithi hunogewa: kichaa ni mbwa aliyejiona mfalme! Hadithi ni tamu, lakini si ya kweli. Kipande cha kulia kiliwekwa kwa ajili ya sauti, wang ikimwongoza msomaji kuelekea kuang. Tena katika maandishi ya kale hakikuwa mfalme hata kidogo. Kilikuwa herufi nyingine ya sauti hiyohiyo, iliyohusu mimea inayochipua ovyo, nao waandishi wa baadaye wakaifupisha. Mwanakamusi Xu Shen, aliyemaliza kazi yake kubwa mwaka 100 BK akiwa ameeleza herufi zaidi ya 9,000, alitoa maana fupi mno: mbwa mwenye kichaa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa sana. Nasi tunasema kichaa cha mbwa, na aliyewahi kuuona ugonjwa huo kijijini anajua kwa nini: mnyama aliyelinda boma jana anakuja leo akitokwa udenda, hamjui tena bwana wake. Wachina wa kale waliona hayohayo, na kutoka kwa mbwa neno likahamia kwa mtu. Herufi nyingi za tabia mbaya zina mbwa huyo ubavuni, ikiwemo ya ujanja, ya ukatili na ya kuvunja sheria. Ya gereza ina mbwa wawili, mmoja kila upande, na katikati yao herufi ya maneno.

Waganga waliipokea mapema. Huangdi Neijing, kitabu cha utabibu kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, kina sura nzima iitwayo Diankuang, maradhi mawili yaliyounganishwa jina. Dian ndiyo ile 癲 ya Wavietnamu, nayo humshusha mtu: huwa mzito, mwenye huzuni, huanguka. Kuang humpandisha. Huvua nguo, hupanda mahali pa juu akaimba, huruka kuta ambazo jana asingeziweza, hutukana bila kuchagua ndugu wala mgeni. Kitabu kingine cha kale, Nanjing, kikaipa kanuni: yang ikirundikana juu ya yang ni kuang, yin juu ya yin ni dian. Kwa kichaa cha hasira tiba ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula, kisha kumnywesha maji yenye vumbi la chuma kutoka kwa mhunzi.

Kama tiba haina haja ya kutetewa. Fikra iliyo nyuma yake ndiyo yenye kufaa. Kuang ni ziada. Mgonjwa hakupungukiwa na kitu, amefurikwa na uhai wake mwenyewe. Maneno yetu mengi, kama punguani, huhesabu kilichopotea. Wao katika herufi hii walihesabu kilichozidi. Bila hilo sidhani kama yaliyofuata yangewezekana, maana hakuna mtu anayejivunia upungufu.

Aliyeanza kuipa heshima ni mtu ambaye hakuna aliyemdhania. Confucius, mwalimu wa adabu na kiasi, anasimuliwa katika mkusanyiko wa mazungumzo yake, Lunyu, akisema kwamba asipopata watu wa njia ya kati wa kufuatana nao, basi atachagua watu wa kuang pamoja na wale wagumu wasiopindika. Wa kuang husonga mbele wakashika. Wale wagumu wana mambo ambayo hawatayafanya kamwe. Mahali pengine katika kitabu hichohicho analalamika kwamba kuang ya watu wa kale ilikuwa kutojali vijambo vidogo, na ya siku hizi ni utovu mtupu. Kwa hiyo tangu karne ya tano kabla ya Kristo wazee walikuwa wakinung'unika kwamba hata vichaa wa leo si kama wa zamani.

Kitabu hicho kina pia kichaa mwenye jina, Jieyu wa nchi ya Chu. Alipita mbele ya gari la Confucius akiimba kwamba kushika utumishi wa serikali katika zama hizo ni kujitia hatarini. Mwalimu akashuka amsemeshe, jamaa akatimua mbio. Wasomaji wa China hawakumchukulia Jieyu kama mgonjwa. Alikuwa mwenye busara aliyejificha ndani ya wazimu. Kabla yake yuko Jizi, wa ukoo wa mfalme katili wa mwisho wa enzi ya Shang, ambaye ushauri wake ulipokataliwa alifumua nywele na kujitia kichaa. Kichina kina neno la kitendo hicho, yangkuang, na hesabu yake ni ya kisiasa: mwenye akili anayempinga mfalme hukatwa kichwa, kichaa anayempinga mfalme huchekwa akaachwa.

Kufikia enzi ya Tang, iliyoanza mwaka 618 na kwisha 907, maficho yalishakuwa pambo. He Zhizhang, afisa mkubwa aliyekula mshahara wa serikali mpaka uzeeni, alijipachika jina la mgeni kichaa wa Siming. Mshairi Li Bai alijitangaza kuwa yeye ndiye kichaa wa Chu. Zhang Xu anasimuliwa kuwa alilewa kwanza, akapiga kelele huku akikimbia, ndipo akashika brashi, na siku nyingine akachovya nywele zake mwenyewe katika wino. Mtindo wake na wa mtawa Huaisu uliitwa kuangcao, mwandiko wa kichaa, ambamo mstari hauinuki karatasini mpaka pumzi ya mwandishi iishe. Jambo moja husahaulika: Zhang Xu huyo aliandika pia mwandiko rasmi, ulionyooka, na ulisifiwa na wajuzi. Alizijua kanuni zote alizozivunja. Kuang ya wasomi ilikuwa anasa ya mtu ambaye tayari ameshafaulu.

Kuna waliolipia anasa hiyo, na mara nyingi bili iliangukia mtu mwingine. Mchoraji Xu Wei, aliyeishi kati ya 1521 na 1593, inasemekana alianza kwa kujitia wazimu akihofia kukamatwa baada ya kigogo aliyemlinda kuanguka. Akaishia kujidhuru vibaya na, mwaka 1566, kumuua mkewe. Alifungwa miaka saba. Vitabu vya sanaa vinaisifu kuang ya brashi yake katika kurasa nyingi, na mke anapata mstari mmoja.

Kule Japani herufi ilifika pamoja na vitabu vingine vyote, na safari yake ya ajabu zaidi ilianza na toba ya mzee. Mshairi Bai Juyi, aliyefariki mwaka 846, aliingiwa uzeeni na wasiwasi wa Kibudha kwamba kutunga mashairi ni dhambi ya ulimi. Akakabidhi maandishi yake hekaluni akiomba maneno yake ya kichaa na ya kurembesha yageuke kuwa njia ya kumsifu Budha. Wajapani waliupenda mno msemo huo, kyōgen kigo kwa matamshi yao, wakaugeuza. Toba ikawa ruhusa: kumbe maneno ya kichaa nayo yanaweza kumfikisha mtu kwenye wokovu! Nusu ya kwanza ya msemo, kyōgen, ikawa jina la michezo ya kuchekesha inayoigizwa baina ya tamthilia nzito za nō, ambamo mtumishi mjanja aitwaye Tarō Kaja humzunguka bwana wake kila mara. UNESCO iliitangaza sanaa hiyo, pamoja na nō, kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2001. Katika lugha ya kila siku neno limeshuka zaidi. Wizi wa kyōgen ni ule ambapo mwenye duka amejiibia mwenyewe kisha akakimbilia polisi.

Katika nō yenyewe wazimu ulibaki mzito. Lipo kundi zima la tamthilia za wanawake waliorukwa na akili, maarufu kati yao ikiwa Sumidagawa, ya mama anayemtafuta mwanawe aliyeibwa. Wazimu wa mama huyo una sababu ambayo kila mtazamaji anaiona, na hakuna anayemcheka kwa muda mrefu.

Mjini Edo, Tokyo ya leo, miaka ya 1780, kulikuwa na homa ya kyōka, mashairi ya kichaa. Ni utenzi mfupi wa heshima wa silabi 31, uliojazwa mizaha ya chakula, madeni na madanguro. Kiongozi wa mchezo huo, Ōta Nanpo, alikuwa mtumishi wa cheo kidogo katika serikali ya shogun. Kufikia hapo kyō ilishapoa kabisa, maana yake ikawa mzaha.

Haikupoa kwa wote. Mtawa Ikkyū, aliyefariki mwaka 1481, alijiita Wingu Kichaa, Kyōun, na maisha yake ya ulevi na mapenzi yalikuwa kofi kwa watawa wenzake waliouza vyeti vya uongofu. Mchoraji Hokusai, ambaye wimbi lake kubwa limechapishwa hata kwenye fulana zinazouzwa mitaani kwetu, alijiita Gakyō Rōjin, mzee mwenye wazimu wa kuchora. Saini hiyo iko kwenye picha zake mia za mlima Fuji zilizoanza kutoka 1834, akiwa na zaidi ya miaka sabini. Hapa tumerudi kwenye ziada ya waganga wa kale, safari hii bila vumbi la chuma. Mtu amezidiwa na kitu kimoja, naye anakisajili kama jina lake.

Kitenzi cha Kijapani kinachoandikwa kwa herufi hii, kuruu, kina upana ambao Kichina hakina. Saa inayokwenda mbele au kurudi nyuma ime-kuruu. Ratiba iliyovurugika ime-kuruu. Ubao uliopinda baada ya kukauka una kurui, na ua linalochanua nje ya msimu lina jina lake lenye herufi hiyohiyo. Wazimu hapa ni kutoka kwenye mwendo uliopangwa, hata kwa kitu kisicho na akili ya kupoteza. Ndiyo maana waziri wa fedha Fukuda Takeo, mgogoro wa mafuta ulipoipandishia Japani bei za bidhaa kwa takriban asilimia 23 mwaka 1974, aliziita kyōran bukka, bei zilizopandwa na kichaa, na kila mtu akamwelewa. Na kwa sababu kitenzi hicho cha nyumbani kiliishikilia herufi, kyō haikuacha kuwa neno la ugonjwa hata baada ya karne za mizaha. Hapo tumepata nusu ya jibu kuhusu ng'ombe wa 2001.

Sasa tumfikie waziri mkuu. Katikati ya karne ya 19, katika mji wa Hagi, mwalimu kijana Yoshida Shōin aliwafundisha vijana wa kisamurai kwamba nchi iliyolala haiamshwi na watu wenye kiasi, inahitaji watu wa kyō. Serikali ya shogun ilimkata kichwa mwaka 1859. Mmoja wa waliopita kwa muda mfupi kwenye shule yake alikuwa Yamagata Aritomo, ambaye katika miaka ya mapambano alibadili jina akajiita Kyōsuke, na kyō hiyo ni herufi yetu ya kichaa. Mapinduzi dhidi ya shogun yakafaulu, kichaa akawa jemadari, jemadari akawa waziri mkuu mara mbili.

Machi 1900, Yamagata akiwa waziri mkuu kwa mara ya pili, Japani ilitangaza sheria ya uangalizi wa wagonjwa wa akili. Iliziruhusu familia, kwa idhini ya mamlaka, kumfungia mgonjwa wao nyumbani katika chumba chenye nondo au mbao. Sidhani kama mtu yeyote serikalini aliliona jambo hilo kama kinaya. Kyō ya Kyōsuke na wazimu wa mkulima aliyefungiwa nyuma ya nyumba yalikuwa mambo mawili yasiyokutana. La kwanza mtu alijipa mwenyewe, akalivua alipolichoka. La pili alipewa na ndugu zake, polisi na daktari, na halikuvulika.

Hospitali zilikuwa chache. Kyoto ilifungua ya kwanza ya umma mwaka 1875 katika eneo la hekalu la Nanzenji, ikaiita Tenkyōin, yaani nyumba ya dian na kuang, maradhi yaleyale mawili ya Huangdi Neijing. Tokyo ikafuata 1879 kwa jina hilohilo. Mwaka 1889 jina liliondolewa kwenye kibao cha Tokyo, ikawa Hospitali ya Sugamo, kutokana na mtaa ilipokuwa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 iliongozwa na Kure Shūzō, aliyesomea Ulaya na kuondoa pingu na minyororo wodini. Kure aliwatuma wasaidizi wake mikoani kukagua vyumba vya majumbani, zaidi ya 300, wakirudi na picha na ramani. Ripoti yake ilitoka 1918. Humo aliandika kwamba wagonjwa wa Japani wana bahati mbaya mbili, ya kwanza ugonjwa wenyewe, ya pili kuzaliwa katika nchi hii. Vyumba hivyo vilipigwa marufuku mwaka 1950.

Mei mwaka huohuo wa 1918, ng'ambo ya bahari, jarida la Vijana Wapya la China lilichapisha hadithi ya mtu aliyesaini kwa mara ya kwanza Lu Xun. Kichwa chake ni Kuangren Riji, shajara ya kichaa, jina aliloliazima kwa mwandishi Mrusi Gogol. Lu Xun alikuwa ameishi Japani miaka saba, alikokwenda kusomea udaktari akauacha. Kichaa wake anafungua kitabu cha historia, na kati ya mistari ya maadili anasoma kwamba watu wanaliwa. Anawaogopa jirani, daktari, na kaka yake.

Huwa tunaisoma hadithi hiyo kama shambulio dhidi ya mila, na ndivyo ilivyo. Ila iangalie kwa upande wa maneno. Juu, kwenye kichwa, mwandishi ameweka kuang, yenye nasaba ya Jieyu na Li Bai. Ndani ya hadithi, kaka mtu anapowafukuza watazamaji mlangoni, anasema hakuna cha kumtazama feng huyu. Naye kichaa anaelewa mara moja: wamekwisha kuniandalia jina la kunifunika, ili watakaponila pasiwepo wa kuuliza. Sijui mahali pengine ambapo tofauti ya maneno haya mawili imefanya kazi kubwa kiasi hicho. Kuang ndivyo mwandishi anavyomwona. Feng ndivyo familia inavyomwita.

Feng yenyewe imeundwa kwa alama ya ugonjwa na ndani yake upepo, kisababishi kilichohofiwa sana na waganga wa China. Ikawa neno la mtaani la mgonjwa wa akili, huku kuang ikizidi kupaa. Leo kuangfeng ni upepo wa dhoruba, kuanghuan ni shangwe isiyo na breki, na ukimwambia mtu wa Beijing kwamba fulani ni kuang sana, ataelewa kuwa fulani anajiona. Tamthilia ya televisheni iliyotazamwa mno China mapema 2023 iliitwa Kuangbiao, kimbunga, na haimhusu mgonjwa yeyote. Kuang imebaki na ugonjwa katika majina machache ya zamani tu, kama kuangquanbing, kichaa cha mbwa. Ng'ombe wa Uingereza alipohitaji jina jipya, kuang isingemfaa, kwani ng'ombe hawezi kuwa na majivuno. Hong Kong wana lao la mitaani, chi sin, nyaya zimegusana.

Korea na Vietnam zina kisa kingine, kwa sababu kule mbwa ametoweka machoni. Hangul, maandishi ya sauti aliyoyatangaza mfalme Sejong mwaka 1446, yalichukua nafasi ya herufi za Kichina kidogokidogo, na magazeti ya leo ya Seoul karibu hayana herufi hizo kabisa. Silabi 광, gwang, inaweza kuwa kichaa, nuru, upana au mgodi. Msomaji huamua kwa muktadha. Gwang ya lango maarufu la Gwanghwamun ni nuru. Gwang ya chukgugwang ni kichaa, na chukgugwang ni mtu asiyekosa mechi ya mpira. Neno limekuwa jepesi hivyo. Uzito wa zamani umebaki katika fasihi, kama hadithi mbili za Kim Dong-in, Gwangyeom Sonata ya 1930 na Gwanghwasa ya 1935, kuhusu mwanamuziki na mchoraji ambao sanaa inawafikisha kwenye uhalifu. Ningependa kumweka Xu Wei na mkewe kando ya hadithi hizo.

Wakorea wakitaka neno la kupiga kelele, hurudi kwenye la kwao, michida. Mei 2008 maelfu walipojaa barabara za Seoul na mishumaa wakipinga nyama ya ng'ombe kutoka Marekani, jina la ugonjwa katika taarifa za habari lilikuwa gwangubyeong, la kitaalamu na la Kichina. Mabango ya wanafunzi yalisema michin so, ng'ombe kichaa, kwa Kikorea kitupu. Kitenzi michida kina pacha wa sauti chenye maana ya "kufikia", na msomi Jeong Min aliunganisha hao wawili katika kichwa cha kitabu chake cha 2004 kuhusu wasomi wa enzi ya Joseon waliozama katika jambo moja maisha yao yote: usipokuwa kichaa hufiki. Kikauzwa sana.

Vietnam ilifuata njia ya alfabeti ya Kilatini, iliyobuniwa na wamisionari. Kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma mwaka 1651. Mtihani wa mwisho wa utumishi kwa herufi za Kichina ulifanyika Huế mwaka 1919. Cuồng imebaki kwenye dhoruba, imani kali na mapenzi ya kupindukia, na vijana wameiunganisha na Kiingereza wakapata fan cuồng, shabiki aliyepagawa. Wazimu wa kawaida, wa nyumbani na hospitalini, ulichukuliwa na điên, ndiyo 癲 iliyozoea ulimi wa watu. Mshairi Hàn Mặc Tử, aliyeugua ukoma na kufariki Quy Hòa mwaka 1940 akiwa na miaka 28, aliuita mkusanyiko wake Thơ Điên, mashairi ya kichaa. Alichagua neno la wodini akaliacha la wasomi, na kwa mgonjwa chaguo hilo lina ukweli wake. Ndilo pia lililompata ng'ombe.

Kwa hiyo swali la ng'ombe limejibika: kila lugha ilimpa lile jina la wazimu ambalo kwake bado lilikuwa na ugonjwa ndani. Sasa China feng nayo imeanza kupanda. Vijana wanaandika mtandaoni kile wanachokiita fasihi ya kurukwa na akili, malalamiko marefu ya kuchekesha dhidi ya mabosi na bei za nyumba, wakijiita feng wenyewe. Vijana wa Dar es Salaam, wanaowaita marafiki zao machizi, hawatashangaa.

Na wagonjwa? Japani, tangu miaka ya 1970, vituo vya redio na televisheni huyakwepa maneno ya wazimu yanayomlenga mtu. Hiyo ni adabu ya watangazaji, na adabu haimtibu mtu. Lililofanyika mwaka 2002 lina uzito zaidi. Jina la Kijapani la skizofrenia, lililomaanisha ugonjwa wa kupasuka akili, lilifutwa na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, pakawekwa jina lenye maana ya kupoteza uwiano. Korea Kusini ilibadili lake 2011 ikachukua picha ya ala ya nyuzi inayohitaji kupatanishwa sauti. Taiwan ikafuata 2014. China Bara bado inatumia jina la mpasuko.

Badiliko la Japani halikuanzia kwa madaktari. Liliombwa mwaka 1993 na Zenkaren, shirikisho la familia za wagonjwa, na likachukua miaka tisa kukubaliwa. Katika safari yote hii, kutoka kwa Xu Shen hadi Fukuda, ndipo kwa mara ya kwanza tunawasikia waliopewa jina, au walau watu wa nyumbani mwao, wakisema jina gani wanalikubali. Saini ya Hokusai itaendelea kupendwa, na inastahili. Lakini ombi la Zenkaren ndilo tendo kubwa kuliko yote ambayo maneno haya ya wazimu yamefanyiwa, na China Bara haina sababu nzuri ya kuendelea kusubiri.